Kumhoji rafiki Mkorea: vidokezo 13 vya kuijua Korea kupitia nyumba moja

Tamthilia za Kikorea zimeingia sebuleni kwetu siku nyingi. Wapo waliokesha na Jumong, wapo waliomeza Squid Game yote kwa siku moja ilipotoka mwaka 2021, na wapo vijana wanaoimba nyimbo za BTS neno kwa neno ilhali Kikorea hawakijui. Tumeshaona majumba ya wafalme wao, bakuli zao za tambi na namna wanavyoinama wakisalimiana. Lakini tamthilia huwezi kuiuliza swali ikakujibu. Rafiki ukimuuliza anacheka, anafikiri, anakusahihisha, kisha anatoa simu akuonyeshe picha ya bibi yake.

Na marafiki hao wapo. Wapo wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza Kiswahili, wapo wanaojitolea kupitia KOICA, shirika la serikali ya Korea Kusini la ushirikiano wa maendeleo, wapo wahandisi, wamisionari na wafanyabiashara. Wapo pia ndugu zetu wanaosoma Seoul na Daejeon, ambao kila siku wanakaa meza moja na Wakorea. Ukiwa na rafiki wa namna hiyo una hazina. Msimamo wangu ni huu: njia bora ya kuijua Korea ni kumwacha akusimulie nyumba aliyokulia, jiko la mama yake, shule yake, mtaa wake. Taifa zima hawezi kulibeba mtu mmoja, na hatupaswi kumtwisha.

1. Chagua mada moja tu

"Niambie kuhusu utamaduni wa Korea" ni swali linalomchosha mtu kabla hajafungua kinywa. Aanzie wapi? Atakutajia kimchi, vazi la hanbok na muziki wa K-pop, na mazungumzo yataishia hapo. Wewe mwenyewe ukiulizwa utamaduni wa Tanzania ukoje, utataja Mlima Kilimanjaro na ugali, kisha utaangalia saa.

Kwa kila mazungumzo chagua mada moja: chakula, shule, harusi, sikukuu, kazi au malezi. Andika maswali sita au saba, yote yamguse yeye na mahali alipotoka. "Asubuhi ya sikukuu, kwenu nani huamka wa kwanza?" "Ulipokuwa na miaka kumi na tano, ulikuwa unafika nyumbani saa ngapi?" "Nani kwenu alikuwa akipika vizuri kuliko wote?" Maswali ya aina hii hayana jibu la kukariri, kwa hiyo humfanya mtu akumbuke.

2. Soma kidogo kabla ya kwenda

Usitumie saa ya rafiki yako kuuliza yaliyomo vitabuni. Nenda ukijua angalau kwamba Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Kwamba Vita vya Korea vilianza 1950 na mapigano yakasitishwa tarehe 27 Julai 1953, lakini mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Karibu kila Mkorea utakayekutana naye anatoka Kusini, basi lile swali la "wewe wa Kusini au wa Kaskazini?" liweke kando.

Jua pia kwamba alfabeti yao, Hangul, ilibuniwa chini ya Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa kwa watu 1446, na kwamba Korea Kusini huiadhimisha kila tarehe 9 Oktoba. Ina herufi 24 za msingi, nazo hupangwa pamoja kuunda silabi. Mwombe rafiki aandike jina lako. Juma atapata vifungu viwili, kimoja cha "Ju" na kingine cha "ma", kila kimoja kimekaa kwenye mraba wake. Akiwa anaandika, muulize nani alimfundisha kusoma, mama au mwalimu, na alijizoeza wapi. Hapo umeshaanza mahojiano.

3. Anza na jina na umri

Kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia. Majina matatu, Kim, Lee na Park, yanabeba karibu nusu ya watu wote wa Korea Kusini, ila usidhani akina Kim wote ni ndugu. Kila ukoo una chimbuko lake: kuna Kim wa Gimhae, kuna Kim wa Gyeongju. Kwa muda mrefu sheria ilikataza watu wa jina moja na chimbuko moja kuoana, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 1997 kwamba katazo hilo ni kinyume cha katiba. Mwanamke akiolewa hubaki na jina lake. Muulize rafiki nani alimchagulia jina. Katika familia nyingi ni babu, na wengine huenda kwa mtaalamu wa majina, ambaye huangalia tarehe na saa ya kuzaliwa.

Umri nao ni mada tamu. Kwa hesabu ya zamani mtoto huzaliwa tayari ana mwaka mmoja, na kila Januari mosi watu wote huongeza mmoja. Mtoto aliyezaliwa Desemba 31 alikuwa na miaka miwili kesho yake! Tangu Juni 2023 sheria inatambua umri wa kuhesabu kutoka siku ya kuzaliwa, lakini mitaani hesabu ya zamani bado inasikika. Usishangae Mkorea akikuuliza umri mapema. Anataka kujua aseme nawe kwa lugha ya heshima kiasi gani, na akuite nani. Mwanamume humwita kaka mkubwa hyeong na dada mkubwa nuna. Mwanamke humwita kaka mkubwa oppa na dada mkubwa eonni, na maneno hayo huwafikia hata marafiki wasio wa damu moja. Sisi tuliolelewa na shikamoo hatuhitaji maelezo marefu hapo. Muulize tu: "Mimi uniite nani?"

4. Fanyeni mahojiano mezani

Mtu akiwa na chakula mbele yake husema mengi. Kama mnakutana kwenye mgahawa wa Kikorea, au kwake, au kwako, acha daftari pembeni dakika za mwanzo na mle kwanza.

Kuna adabu chache za kushika. Mkubwa kwa umri ndiye huanza kushika kijiko. Wali na supu huliwa kwa kijiko, na vijiti, ambavyo Korea huwa vya chuma, hutumika kuchukua vitoweo vilivyotawanywa mezani kwa ajili ya wote. Usisimamishe vijiti ndani ya wali, maana hiyo inafanana na ibada ya wafu. Kupokea na kutoa kitu, hasa kwa mkubwa wako, hufanywa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika mkono huo. Na kinywaji hujimiminii mwenyewe. Mwenzako anakumiminia, nawe unammiminia.

Sema mapema usichokula. Nguruwe ni nyama ya kawaida sana kwao, na soju, pombe yao kali, haikosekani kwenye vikao vingi. Kama wewe ni Mwislamu, au hunywi kwa sababu yoyote, mwambie kabla hajaagiza. Mwenyeji wa Kikorea anajisikia vibaya sana mgeni akishinda njaa mezani kwake. Kisha muulize meza ya kwao ilikaaje. Huenda atakusimulia meza fupi, familia nzima imekaa sakafuni, na sakafu ina moto chini yake. Mfumo huo wa kupasha sakafu, ondol, ni wa kale sana, na hata ghorofa mpya za Seoul zinao, ila siku hizi ni mabomba ya maji ya moto. Mtu akishaelewa kwamba sakafu ndiyo mahali pa kulala, kulia na kucheza wakati nje barafu inaganda, anaelewa pia kwa nini kuingia na viatu ndani ni kosa kubwa.

5. Omba kisa, maana itajileta

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Ukiuliza "Kimchi ina maana gani kwa Wakorea?" utapewa hotuba. Uliza hivi: "Mara ya mwisho kwenu mlipotengeneza kimchi ya kipupwe, nani alifanya nini?"

Hapo utasikia habari za kimjang, kazi ya kutengeneza kimchi ya kuliwa msimu mzima wa baridi, ambayo hufanyika Novemba au Desemba mwanzoni. Kabichi za Kichina hupasuliwa na kukaa na chumvi usiku kucha hadi majani yalegee. Asubuhi husuuzwa na kuachwa zichuje maji. Kwenye beseni kubwa huchanganywa figili iliyokatwa nyuzinyuzi, pilipili nyekundu ya unga, vitunguu saumu, tangawizi, vitunguu vya majani, uji mwepesi wa unga wa mchele, na uduvi au samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi. Wanafamilia huvaa glavu za mpira, hukaa kuzunguka beseni, wakapaka rojo hilo jani moja moja, kuanzia majani ya nje hadi kiini, kisha kabichi yote ikafungwa kwa jani lake la nje. Zamani ilipangwa kwenye mitungi na kufukiwa ardhini; leo nyumba nyingi zina friji ya kimchi peke yake. Kazi ikiisha, kimchi mbichi huliwa na nyama ya nguruwe ya kuchemsha, na kila aliyesaidia huondoka na fungu lake. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka kimjang kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa maswali ya nyongeza ndiyo yenye utamu. Nani huonja chumvi na kusema sasa imetosha? Fungu hupelekwa kwa nani? Kimchi ya kwa mama mkwe ina tofauti gani na ya kwenu? Watu wa mikoa ya kusini hutia chumvi na samaki wa kuchachusha kwa wingi, wa kaskazini huifanya nyepesi zaidi, basi ndoa moja yaweza kukutanisha kimchi mbili. Na kama familia yake hununua dukani siku hizi, kama wafanyavyo wengi wa mjini, hilo nalo ni jibu. Andika.

6. Mwombe akuonyeshe picha

Simu ya rafiki yako ni albamu. Mwombe picha moja: ya siku alipotimiza mwaka. Wakorea wengi wanayo, kwa sababu siku hiyo, doljanchi, ni sherehe kubwa. Utamwona mtoto amevalishwa hanbok ya rangi kali na kofia ndogo, amekaa mbele ya meza yenye vitu vilivyopangwa: uzi, kalamu au brashi, noti, mchele, kitabu. Mtoto anaachwa anyooshe mkono achukue anachotaka, na wakubwa hubashiri maisha yake. Uzi ni umri mrefu, kalamu ni elimu, noti ni utajiri. Wazazi wa leo huongeza maikrofoni, mpira, au kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo.

Usikimbilie picha nyingine. Uliza aliye nyuma ya mtoto ni nani, zile keki za mchele alipika nani, yeye alishika nini, na nani mezani alipiga makofi kuliko wote. Niliwahi kumuuliza hivyo rafiki yangu mmoja, mwanamke wa Busan. Alisema alishika uzi, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba bibi yake ndiye aliyeusogeza uzi karibu na mkono wake makusudi. Sentensi hiyo moja ilinifundisha bibi wa Kikorea ni mtu gani.

7. Sikukuu: uliza nani anapika na nani anasafiri

Sikukuu kubwa ni mbili, na zote zinafuata kalenda ya mwezi, jambo ambalo kwetu tunaosubiri mwezi mwandamo si geni. Seollal ni mwaka mpya: watoto huwasujudia wakubwa na kupewa fedha, na familia hula tteokguk, supu ya vipande vya keki ya mchele. Chuseok huangukia mwezi mpevu wa mwezi wa nane wa kalenda hiyo, yaani Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Wakati huo hutengenezwa songpyeon, keki ndogo za mchele zenye ufuta au maharage ndani, zikapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Familia huenda makaburini, na kabla ya hapo nyasi za makaburi hufyekwa. Barabara za kutoka Seoul hujaa magari, na tiketi za treni huisha mapema mno.

Uliza yasiyoonekana kwenye picha. Nani alisimama jikoni tangu alfajiri? Wakwe wa kike wa Kikorea wamelalamika miaka mingi kuhusu mzigo wa kupika vyakula vya kuwakumbuka mababu wa ukoo wa mume, na familia nyingi zimeanza kupunguza mapishi au kuagiza vyakula tayari. Familia nyingi za Kikristo nazo zimeacha tambiko la mababu, badala yake hufanya ibada fupi. Rafiki yako yuko upande gani? Na je, ndugu hawamwulizi kila mwaka ataoa au ataolewa lini? Hilo swali linavuka mipaka yote.

8. Fedha zinaulizwa kwa adabu, lakini ziulizwe

Namna watu wanavyopeana fedha husema mengi kuhusu wanavyoishi. Kwenye harusi ya Kikorea mgeni anakuja na bahasha nyeupe yenye fedha taslimu, anaitoa kwenye meza ya mapokezi, jina lake linaandikwa daftarini, kisha anapewa tiketi ya chakula. Msibani ni hivyo hivyo, bahasha na daftari. Misiba mingi hufanyika kwenye kumbi zilizo hospitalini, kwa kawaida kwa siku tatu, na waombolezaji hukaribishwa yukgaejang, supu ya nyama ya ng'ombe yenye pilipili. Daftari linatunzwa, maana aliyekuletea nawe utampelekea siku yake. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Dar es Salaam na kufuatilia ahadi za michango atakuwa na maswali mengi hapa. Kiasi gani kinatosha kwa mfanyakazi mwenzako? Na kwa rafiki wa karibu je? Usipoweza kuhudhuria unafanyaje?

Kodi ya nyumba ni mada nyingine ya kufungua macho. Korea kuna utaratibu uitwao jeonse: mpangaji anampa mwenye nyumba fedha nyingi kwa mkupuo, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, anakaa kwa kawaida miaka miwili bila kulipa kodi ya mwezi, na akihama anarudishiwa fedha zake zote. Miaka ya karibuni wapangaji wengi, hasa vijana, walitapeliwa amana hizo. Muulize rafiki wazazi wake walianzaje maisha. Na kama atakualika kwenye nyumba mpya, nenda na karatasi za chooni na sabuni ya kufulia. Ndizo zawadi za kuhamia nyumba: povu liongezeke kama mali, na mambo yafunguke bila kukwama kama karatasi.

Mshahara wake usiuulize.

9. Shule na jeshi: hapo ujana wote umo

Kila Novemba, siku ya Alhamisi, Korea Kusini hufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, suneung. Siku hiyo ofisi nyingi hufunguliwa kwa kuchelewa ili barabara ziwe wazi, polisi huwabeba watahiniwa waliochelewa, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala kutua. Akina mama hujaa makanisani na kwenye mahekalu ya Kibudha wakiomba. Watahiniwa hupewa peremende na keki za mchele zinazonata, ili nao wanate kwenye chuo wakitakacho. Supu ya mwani, miyeokguk, haiguswi, kwa sababu mwani unateleza. Na supu hiyo hiyo ndiyo inayoliwa kila siku ya kuzaliwa, kwani ndicho chakula cha mama aliyetoka kujifungua. Msomaji wa Paje au Jambiani anayeujua mwani kwa kuulima na kuuuza anaweza kuanza mazungumzo hapa na yakafika mbali.

Uliza kuhusu tuisheni. Vituo vya masomo ya ziada, hagwon, viko kila mtaa, na wanafunzi hutoka huko usiku. Nani alilipa? Alikula saa ngapi? Alilala saa ngapi?

Kama rafiki ni mwanamume, uliza kuhusu jeshi. Utumishi wa jeshi ni wa lazima kwa wanaume wenye afya, na wanaokwenda jeshi la nchi kavu hukaa miezi 18. Hata BTS walikwenda. Watanzania waliopitia JKT kwa mujibu wa sheria watakuwa na mengi ya kulinganisha: wimbo wa kwanza kufundishwa, chakula cha siku ya kwanza, barua ya kwanza kutoka nyumbani.

10. Mambo mazito yaache yaje

Kuna historia inayouma. Vita viligawa familia katikati, na ndugu wakabaki pande mbili za mpaka. Mwaka 1983 televisheni ya KBS ilifungua kipindi cha kutafuta ndugu waliopoteana. Kilianza tarehe 30 Juni na kuendelea hadi Novemba 14, jumla ya saa zaidi ya 450 hewani, na familia zaidi ya 10,000 zikakutana. Watu walikuja na mabango yenye majina, kovu la utotoni, jina la kijiji. Kumbukumbu za kipindi hicho zimeorodheshwa na UNESCO tangu 2015. Bibi wa rafiki yako huenda alikuwa mbele ya televisheni siku hizo.

Yapo na mengine: Mei 1980 mjini Gwangju, jeshi lilipowapiga risasi raia waliodai demokrasia, mgogoro wa uchumi wa 1997, ambapo watu walipanga foleni kutoa pete zao za ndoa na dhahabu nyingine kuisaidia nchi kulipa madeni, meli ya Sewol iliyozama Aprili 2014 na kuua watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari moja.

Usiyaanzishe mwenyewe siku ya kwanza. Yakija, sikiliza, usikatize, na usilinganishe haraka na misiba ya kwetu. Mtu akisema "tuliache hilo", liache. Njia ya upole ni vitabu: Han Kang, mzaliwa wa Gwangju, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2024, miaka mitatu baada ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Muulize kama amemsoma, nawe mwambie habari za Gurnah. Kuhusu sura, uzito na upasuaji wa urembo, mambo ambayo watu wengi hupenda kuyadadisi, ninaona hayahitaji kuulizwa kabisa mpaka ayataje mwenyewe.

11. Kubali kuhojiwa

Mahojiano ya marafiki yana pande mbili. Kila swali unalouliza, uwe tayari kulijibu. Ukimuuliza kuhusu bahasha ya harusi, atataka kujua mchango wa kwenu ni kiasi gani na anayeshindwa kutimiza ahadi anafanywaje. Ukimuuliza kuhusu makaburi, atauliza yenu mnayazuru lini.

Wapo Wakorea wanaojua habari zetu kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Hankuk, nchini Korea Kusini, kinafundisha Kiswahili. Daraja la Tanzanite linalopita baharini Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Ukikutana na Mkorea anayejua Kiswahili, mhoji kwa Kiswahili. Polepole, bila kumkamilishia sentensi. Atasema vitu ambavyo kwa Kiingereza asingevisema, kwa sababu Kiswahili chake alikipata kwenye daladala, sokoni na kwa mama ntilie, na lugha ya huko huwa na ukweli mwingi.

12. Tafuta na mtu wa pili

Ukishamaliza na mmoja, tafuta mwingine asiyefanana naye. Kama wa kwanza alikuwa kijana wa Seoul, tafuta mama wa makamo kutoka Gwangju au Daegu. Mtu wa Busan ana lafudhi yake na fahari yake. Mtu wa Jeju atakusimulia haenyeo, wanawake wanaopiga mbizi bila mitungi ya hewa kuvua abaloni na konokono wa baharini, wengi wao wakiwa wazee, na ambao utamaduni wao uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2016.

Waulize swali lile lile. Mmoja atasema Chuseok ni siku ya furaha kuliko zote, mwingine atasema huumwa kichwa wiki nzima kabla yake. Wote wanasema kweli. Ukitaka kujua kwa nini wanawake wengi vijana wa Kikorea hawana haraka ya kuzaa, katika nchi ambayo mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, waulize wanawake watatu wa rika tofauti kuhusu jikoni, kazi na tuisheni. Utaelewa kuliko kwa kusoma takwimu hiyo peke yake.

13. Mwonyeshe ulichoandika, kisha urudi

Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Andika tarehe, mahali na maneno ya Kikorea kama alivyoyaandika yeye mwenyewe kwenye daftari lako, kwa Hangul na kwa herufi zetu. Ukishaandika, msomee. Atarekebisha jina la chakula, atafuta kisa kimoja cha shangazi yake, ataongeza kingine alichokumbuka usiku. Alichofuta kisitumike, hata kama ndicho kilikuwa kitamu kuliko vyote. Kama utachapisha ulichoandika, muulize jina lake liwepo au lisiwepo.

Halafu urudi. Tazama kalenda ujue Chuseok ya mwaka huu inaangukia lini, umpigie siku hiyo. Yuko mbali na kwao, hakuna songpyeon, na mama yake amempigia asubuhi. Muulize walizungumza nini. Mkaribishe pilau, mwite na mwenzake, na kama atakuja na kimchi kwenye kopo, iwekeni mezani pamoja na kachumbari. Utakuwa umepata maswali ya mwaka mzima, naye atakuwa amepata nyumba ya pili ya kwenda sikukuu.